Zita na Sufuria ya Muthokoi

Kila alipotoka shule, Kavinya alichota maji, akawasha jiko na kuteleka muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, kabla mama yake hajarudi kutoka soko la Gikomba. Waliishi wawili tu, katika chumba kimoja mtaani Kaloleni.

Ijumaa hiyo alikuwa amechoka. Tena kesho yake ilikuwa zamu yake ya kusimulia kwenye mafundisho ya kipaimara. Katekista Luseno alikuwa amesema wazi: asiyejua maisha ya mtakatifu wake hapewi jina lake. Kavinya alikuwa amemchagua Zita, mtumishi wa nyumbani wa Italia ya zamani sana. Kijitabu kilisimulia kwamba siku moja Zita alikawia kanisani akisali, na aliporudi alikuta malaika wamemwokea mikate.

Kavinya akakifunga kijitabu, akaiacha sufuria ikichemka jikoni, akashika njia ya kanisani.

"Na muthokoi je?" jirani yake Triza akamwuliza.

"Malaika wataangalia."

"Malaika gani anajua kupika muthokoi? Haya, msalimie Gabrieli!"

Aliporudi, chumba kilijaa moshi. Mama alikuwa ameketi kitandani, viatu kavua, miguu imevimba. Sufuria ilikuwa nyeusi.

"Nani alikuwa anaangalia jiko?"

Kavinya alitaka kumsingizia Triza. Akaitazama miguu ya mama yake. "Ni mimi, Mama. Niliwaachia malaika."

Mama hakuwa na nguvu ya kugomba. Alichota muthokoi wa juu, usioungua sana, akaanza kula polepole. "Nisomee huyo Zita wako."

Kavinya akasoma. Zita aliajiriwa akiwa na miaka kumi na miwili, akatumikia nyumba ile ile miaka arobaini na minane, mpaka kufa.

"Arobaini na minane," Mama akasema, akisugua miguu. "Na mikate ya siku hizo zingine aliioka nani?"

Kavinya alichukua majivu, akasugua sufuria mpaka vidole vikauma.

Kesho yake, kwenye mafundisho, alisimulia habari za Zita, msichana aliyeamka kabla ya wenzake. Aliposita, Luseno akauliza, "Na malaika?"

"Walikuja siku moja, Mwalimu. Siku zingine zote alioka mwenyewe."

Luseno akaandika jina la Zita daftarini. "Umemjua," akasema. "Wengi hukumbuka malaika tu. Sali, binti yangu, lakini kazi uliyopewa usimwachie Mungu akufanyie. Kaa, Zita."