Mwamba Uliojibu

Glasi ndiyo iliyoanza. Ililia peke yake kabatini saa ya adhuhuri, nyingine zimetulia, na karasha la kusagia mawe ya dhahabu nyuma ya nyumba lilikuwa limezimwa. Bibie alisimama na mwiko mkononi akisikiliza. Mlio ukapanda, ukapanda, glasi ikapasuka.

"Joto tu hilo," akasema Halfani, mumewe.

Joto gani, hata kama ni la Chunya, linalochagua glasi moja likaziacha nyingine? Bibie alikasirika. Mwanaume huyu akidanganya hujikuna shingo, na sasa alikuwa anajikuna.

Kesho yake kikalia chungu. Kisha kioo cha dirisha. Kila mara zilitangulia hodi za taratibu, ngo, ngo, kama za mtu anayepima. Kitu kikishagongwa kikaitika kwa sauti yake chenyewe, kikaimba mpaka kikavunjika, na nyumba ikajaa harufu ya jiwe lililopasuliwa sasa hivi.

"Baba Asmaa, huko shimoni mlifanya nini?"

Halfani alisema kwa kunong'ona. Mchimbaji hugonga mwamba kabla ya kuuvunja, asikie kama ni mzima, maana kila kitu kigumu kina sauti yake. Lakini mwamba ukiugonga nao ukakugonga, ujue una mwenyewe ndani: unamwaga unga wa mahindi chini, unaomba radhi, unaondoka. Wake ulimjibu. Ila ulikuwa unameta dhahabu.

"Nikauvunja," akasema. "Nikausaga hapo nyuma."

"Yaani umevunja nyumba ya watu ukaja kuisagia kwangu! Tamaa yako itatuua!"

Akaitwa Maalim Farhan kutoka Mbeya mjini. Alisoma mpaka sauti ikamkauka, kisha akauliza chinichini, "Anataka nyumba yake. Iko wapi?"

"Imeshakuwa unga, Maalim."

"Basi mimi sina cha kumrudishia." Akakunja mkeka wake, akaaga.

Alasiri ile ile Asmaa, binti yao mdogo, aliweka andazi lake chini.

"Mama, meno yangu yanaimba."

Bibie alimvuta kifuani akasikia mwenyewe, ngo, ngo, ubavu mmoja baada ya mwingine, kitu kikiupima mwili ule mdogo kama kilivyopimiwa mwamba wake, na mlio mwembamba ukaanza kupanda kutoka mifupani mwa mtoto ukaingia mikononi mwake yeye, ukapanda hadi mabegani, mtoto akitetemeka bila hata kulia, mpaka hofu yote aliyokuwa nayo Bibie ikageuka ghadhabu, akaugeukia ukuta mtupu akapiga kelele:

"Mwanangu hakushika nyundo! Aliyeishika unamjua, huyo hapo! Niachie wangu, mchukue wako!"

Mlio ukakatika. Asmaa akavuta pumzi.

"Mama Asmaa," Halfani akanong'ona, "umesema nini?"

Ngo.

Halfani akajishika taya. Bibie hakungoja. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akatoka, akashika barabara ya vumbi kwa hatua za haraka. Nyuma yao mlio ulianza upya, mnene, wa mtu mzima, ukipanda. Alikuwa bado na hasira naye, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mama," Asmaa akauliza, "baba naye anaimba?"

"Ndiyo," akasema Bibie bila kugeuka. "Karibu atamaliza."