Upande wa Nyuma wa Picha

Jua lilikuwa linazama nilipobeba fremu kwenda kwa shemeji, mume wa dada yangu. Kazi yangu ni fremu tu. Picha naijua mgongo: nailaza kifudifudi, napiga misumari, naondoka. Wengine wakausifie uso.

Na siku hizo mji mzima ulikuwa ukisifu. Shemeji alikuwa amemchora dada, na mtu mmoja akazimia mbele ya picha ile. Kwa bahati nzuri, karibu na kamera. Tangu hapo shemeji akawa havui miwani ya jua hata chumbani.

Dada, lakini, akawa hapokei simu. Ndiyo maana fremu ile niliipeleka mwenyewe.

"Dada yuko wapi?"

"Amepumzika. Umaarufu unachosha, shemeji."

"Umaarufu wako ndio umchoshe yeye?"

Akacheka. Peke yake. "Funga picha, bwana. Kesho wanakuja kuichukua."

Picha ilikuwa imeshalazwa mezani. Chumba kilinuka rangi mbichi na... jasho. Nikagusa mgongo wa kitambaa.

Kilikuwa na joto.

Kikapanda. Kikashuka.

Nikapiga msumari wa kwanza. Chini ya kitambaa, mtu akakohoa.

"Ni rangi inakauka," shemeji akasema haraka. Sikuwa nimemuuliza.

Mlango ukafunguka. Dada akaingia na sinia la chai, amependeza kuliko siku ya harusi yake. Nikashusha pumzi. Nikajiona mjinga.

"Karibu chai, fundi."

Fundi?

Chini ya nyundo yangu sauti ikanong'ona: "Kidole..."

Jina hilo dada alinipa utotoni, siku nilipojigonga kwa nyundo. Hakuna mwingine anayeniita hivyo.

Mwanamke mwenye sinia akainama sikioni mwangu. Hakuwa akipumua.

"Kaza vizuri," akasema. "Asitoke."

Shemeji akavua miwani. Macho mekundu, yanaomba. "Yule wa kwanza alikuwa ananinunia, shemeji. Huyu anajua kukaa mbele ya kamera."

Nikachukua koleo. Nikaanza kung'oa misumari iliyoshika kitambaa.

Sinia likaanguka. Mwanamke alikuwa bado amesimama, anatabasamu vilevile, lakini mikono yake ilikuwa imefutika hadi kwenye viwiko.

"Unaniua!" shemeji akalia.

Hakusema "unamuua".

Nikang'oa yote.

Dada anaishi kwangu sasa. Anakula, ananitania, ananiita Kidole. Shemeji huonekana kwenye televisheni akilia mbele ya kitambaa cheupe. Wajuzi wanasema hiyo ndiyo kazi yake bora.

Ila dada hanipi mgongo. Nikizunguka, naye anazunguka nami, polepole, uso daima upande wangu. Jana nilijifanya naokota kitu nyuma ya kiti chake, nikanyoosha mkono.

"Usiguse huko, Kidole," akanong'ona. "Bado hapajakauka."