Udongo wa Jikoni

Wauza udongo wa kula katika soko la Chisokone, mjini Kitwe, hawahitaji kibao. Mteja wao anajulikana kwa tumbo. Ndiyo maana Mama Mulenga, aliyekuwa na beseni lake la mabonge ya kijivu katikati ya wauza viwavi na wauza dagaa, alishangaa Septemba ile, jua likikaanga mabati, kuona mikono miwili imeng'ang'ania bonge moja na hakuna tumbo hata moja.

"Nimelishika mimi kwanza," alisema mwanamke.

"Umeligusa, dada. Aliyeshika ni mimi."

"Kwani kaka una mimba?"

"Sina. Wewe unayo?"

Mama Mulenga akapiga makofi. "Kumbe ni yenu wawili! Hongereni, wanangu. Ndivyo inavyoanza, hata baba anatamani. Marehemu wangu alikula udongo mpaka meno yakamwisha, na mimba nilibeba mimi."

Wauza dagaa walicheka mpaka mizani ikasahau kazi. Mwanamke alijaribu kununa, akashindwa. Aliitwa Nkandu. Alivaa gauni la kitenge cha njano, mabega yamepulizwa kama maandazi, na chini ya gauni hilo la kanisani alikuwa na mabuti yaliyogandiwa na matope ya msituni. Mwanamume, Lombe, alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi hata kola ingemkata mtu akiigusa, na shingoni kikining'inia kioo kidogo cha kukuzia mawe. Bila aibu, aliliinua lile bonge akalilamba.

"Halina chumvi. Limetoka kando ya mto hili."

"Unalamba kabla ya kulipa?"

"Ndiyo kazi yangu. Natafuta madini. Miamba mingine bila ulimi haikwambii kitu."

"Basi mimi nina wanyama arobaini na mmoja wenye tabia kama yako," alisema Nkandu. "Tofauti yenu, wao wana pembe."

Alikuwa mtafiti wa palahala, swala wakubwa weusi wenye pembe zilizopinda kama mundu. Ng'ambo ya mto Kafue, mwendo wa saa tatu kwa pikapu, palikuwa na kiwanja cheupe msituni ambapo kundi lake zima lilikuja kila kiangazi kula udongo. Miaka miwili alikuwa akiwahesabu, majike wajawazito wakitangulia mbele. Kwa nini pale na si kwingine? Hakujua. Udongo ulihitaji kupelekwa maabara Afrika Kusini, na mradi wake haukuwa hata na tairi ya akiba.

Siku hiyo waligawana bonge. Baada ya wiki waligawana sahani ya ubwali, ugali wa kwao, na viwavi. Baada ya mwezi, kila aliyekaa karibu na simu ya Nkandu alijua kinachoendelea, maana mapenzi mapya hayana sauti ya chini.

"Haloo, palahala wangu. Umekula?"

"Nimekula mwamba, mama. Wewe?"

"Nimekula vumbi nyuma ya kundi. Shangazi leo amekuja na binti zake wote."

Shangazi alikuwa jike mzee mwenye pembe moja iliyovunjika nchani. Nkandu alimpa jina hilo kwa sababu alitembea sawasawa na shangazi yake wa damu, Mwaba, aliyemlea pale mtaa wa Ndeke: polepole, kidevu juu, kama mtu anayekwenda kumdai jirani sufuria. Shangazi Mwaba aliposikia alinuna siku mbili. Siku ya tatu aliuliza kama huyo mwenzake hajambo.

Mwezi Oktoba Nkandu alimpeleka Lombe kukiona kile kiwanja. Hakuwa amewahi kumpeleka mtu mwingine. Walilala kifudifudi nyuma ya kichuguu, bega kwa bega, wakitazama ndimi nyeusi zikifyonza ardhi.

"Hapa pana jina?" Lombe alinong'ona.

"Ramani haina. Mimi napaita Jikoni."

"Na anayepika nani?"

"Ndilo ninalotaka kujua kabla sijafa."

Wanyama walipoondoka, Lombe alitoa mfukoni kifuko cheupe cha kitambaa, vile vya kazini kwake vyenye namba. "Nipe udongo wako kidogo."

"Wa nini?"

"Zawadi. Usiulize zawadi."

Nkandu alichota kwa mkono wake mwenyewe, akajaza, akafunga uzi kwa fundo la kike, lile lisilofunguka upesi. Walicheka. Alimpangusa vumbi kwenye nyusi, naye Lombe akauliza kama kwao hupokea sahani kutoka kwa mtu anayelamba mawe.

Sahani hizo ndizo posa yenyewe. Mshenga hupeleka sahani mbili, moja imeifunika nyingine, zimefungwa kitambaa. Ndani mwanamume huweka alichokiweka. Hazifunguliwi mpaka mzee wa upande wa baba afike na kumwuliza msichana mbele ya watu, "Mwenye hizi unamjua?" Akisema ndiyo, zinafunguliwa, zinabaki. Akikataa, zinarudi na vilivyomo, na mshenga hana ruhusa hata ya kuchungulia.

Sahani za Lombe zilifika Ndeke Jumapili moja ya Desemba. Baba mdogo wa Nkandu alikuwa mjini Mansa, akaahidi kufika Jumamosi. Shangazi Mwaba akazipandisha juu ya kabati na kuweka Biblia juu yake, zisije zikapata miguu.

Jumatatu simu ililia.

"Umefungua?"

"Haloo kwanza, palahala! Baba mdogo hajafika."

"Fungua leo, Nkandu."

"Uniaibishie ukoo? Watasema binti wa Ndeke ana njaa ya mume."

"Waseme. Mle ndani kuna zaidi ya posa."

"Umetia na mbuzi?"

Lombe hakucheka. Simu ilikuwa ya kampuni ya madini iliyomwajiri, na katika kampuni ile watu waliamini kuwa hata kikohozi chako kinasikilizwa. "Nakuomba," alisema tu.

"Mwanamume akiwa na haraka hivi, ana deni au ana homa," Nkandu alimjibu, akambusu kwenye simu na kukata. Alicheka peke yake jikoni, akitwanga karanga za mboga. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hasikii vizuri.

Alhamisi alikwenda msituni. Njia yake ndogo ilikuwa imepanuliwa, miti imelala pande zote na majani yake bado mabichi. Pale Jikoni paliegeshwa lori lenye mashine ya kuchoronga, na kwenye mti lilipigiliwa tangazo: machimbo ya kobalti yanakuja hapa, mwenye pingamizi alete ndani ya siku ishirini na moja.

"Nani aliwaonyesha hapa?" alimwuliza msimamizi.

"Si Lombe? Kifuko chake kilitoka maabara kinang'aa. Wakubwa hawakulala." Yule bwana alimtazama kwa huruma ya mtu asiyejua anachokihurumia. "Dada, unaumwa?"

Kule ukingoni, mbali na kelele, Shangazi wa pembe iliyovunjika alikuwa amesimama. Alisogea hatua tatu, akarudi mbili. Alisimama vile mpaka Nkandu alipowasha gari.

Shangazi Mwaba alikuwa akichambua mboga aliposikia mlango.

"Rudisha sahani."

"Za nani?"

"Ziko ngapi humu ndani, Shangazi? Rudisha."

"Mwanangu, hata kufungua?"

"Hata kufungua. Ameniuza. Nilichota kwa mkono wangu huu, nikamfungia na uzi."

"Labda tumsikie kwanza. Mimi marehemu mjomba wako nilimrudishia sahani mara mbili, lakini nilimsikia."

"Msikie wewe. Mimi nimesikia mashine."

Sahani zikashuka, zikarudi kwa mshenga na fundo lake. Usiku ule simu ya Nkandu ililia mara kumi na nne, akaizima. Kesho yake aliifungia namba ile njia. Lombe alikuja mlangoni mara moja tu. Shangazi Mwaba alimwambia binti hayupo, na yule binti alikuwa nyuma ya pazia akijiuma kidole. Lombe hakubisha. Alitikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kupewa jibu lake, akaondoka, shati jeupe limekunjamana mgongoni.

Nkandu alipeleka pingamizi ofisi ya mkoa: madaftari mawili ya hesabu na picha mia tatu. Afisa aliyapekua kwa adabu.

"Wanyama wazuri. Lakini watalamba kwingine, sivyo? Msitu mkubwa."

"Hapana kwingine."

"Una hakika? Leta karatasi ya maabara inayosema udongo wa pale una kitu ambacho hakuna pengine. Hiyo nitaisimamia mwenyewe. Madaftari haya, dada, ni mapenzi tu."

Siku ishirini na moja zikaisha. Kwa mdomo wa watu alisikia Lombe kafukuzwa kazi na kwenda Namibia. Akasema vizuri, akalia wiki nzima.

Kiangazi kilichofuata Jikoni palikuwa shimo. Palahala walikuja vilevile, miguu haisomi tangazo. Walizunguka uzio siku nyingi. Majike walizaa ndama wepesi, wengi hawakusimama. Shangazi, yule jike mzee, alikutwa kando ya bwawa la maji machafu ya machimbo, ulimi nje, ameanguka akilamba ukingo. Nkandu alikata kipande cha kamba akapima pembe, ile nzima na ile iliyovunjika, akaandika daftarini kama kawaida. Hesabu ya mwisho ilikuwa kumi na mbili.

Kazi ikamshinda. Akafundisha shule ya sekondari pale mjini, watoto wakimpenda na kumwogopa. Shangazi Mwaba aliacha kuuliza kama mwenzake hajambo.

Ilikuwa Agosti, karibu miaka mitatu tangu sahani zirudi, Nkandu alipopita Chisokone kununua viwavi. Alivaa sketi ya kijivu na viatu vya kufundishia. Kwenye beseni la Mama Mulenga aliona mgongo wenye shati jeupe, na mkono ukipeleka bonge mdomoni.

Miguu ilimwambia geuka. Mdomo ukawahi.

"Bado unalamba kabla ya kulipa."

Lombe aligeuka. Alikuwa amenenepa kidogo, na kile kioo hakikuwepo shingoni. Uso wake ulikuwa umepauka kabla hata hajamwona Nkandu, na ulimi wake ulikuwa bado na vumbi la kijivu.

"Eeh! Wale wangu!" Mama Mulenga alipiga makofi yaleyale. "Na safari hii mimba ni ya kweli, mume kaniambia mwenyewe! Hongera, mwanangu. Umeificha vizuri kweli."

Hakuna aliyecheka. Nkandu aliitazama pete ya Lombe. Ilikuwa imemkaa vizuri.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Windhoek. Mimba ina miezi sita sasa. Nimekuja kumzika mjomba, akanituma udongo."

"Wa kwao haupo?"

"Anasema wa kwao mchanga mtupu."

"Pole kwa mjomba. Na hongera." Alitaka kuondoka. Hakuondoka. "Nilikupenda mpaka nikawa mjinga, Lombe. Kama ulitaka kuuza, ungeuza kitu kingine, si Jikoni."

"Nkandu, mimi nilikiri. Nilikuomba msamaha. Ulisoma, ukakataa, nikasema ni haki yako."

"Nilisoma nini?"

"Ile karatasi."

"Karatasi gani?"

Lombe alimkodolea macho. Alianza kusema, akaacha, akaanza tena kwa sauti ya mtu anayepima ardhi kwa fimbo. "Ya maabara. Kwenye sahani, chini ya shanga. Kifuko chako nilikichomeka katikati ya vifuko vya kampuni ili kipimwe bure, upate jibu lako. Ndiyo ilikuwa zawadi. Sikufikiri kuna kobalti pale, nilifikiri kuna chumvi tu. Na chumvi ilikuwepo, Nkandu. Mara arobaini zaidi ya udongo wote niliopima kilomita thelathini kila upande. Hapana kwingine. Nyuma yake niliandika kwa kalamu: peleka ofisi ya mkoa upesi, wakubwa wameshaona."

Muuza dagaa alipita na karai, wakampisha.

"Na chini kabisa," alisema Lombe, "niliandika: ukinisamehe, bakisha sahani."

Nkandu aliweka mkono kwenye ukingo wa beseni. Aliliona kabati. Aliiona Biblia juu ya kitambaa, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alijisikia akicheka: umetia na mbuzi?

"Sikufungua," alisema.

"Hata—"

"Hata. Zilirudi na fundo lako mwenyewe."

Lombe alifumba macho. "Mama yangu ndiye aliyezifungua zilipofika kwetu. Nilikuta zimeshaoshwa, karatasi ameiweka kwenye kopo la sukari. Hata kumwuliza sikumwuliza." Machozi yalimtoka pale sokoni, mtu mzima na pete yake, na Nkandu, ambaye zamani angeyapangusa, alifumbata mikono yake mwenyewe.

"Nisamehe," Lombe alisema.

"Nimeshasamehe. Na wewe unisamehe."

"Nimeshasamehe."

Yalikuwa maneno mazuri, yamefika na vumbi la safari ndefu, na nyumba ilishapata mpangaji mwingine.

"Jamani mnazika au mnanunua?" alisema Mama Mulenga, sasa kwa upole, maana naye hakuwa mjinga. "Chukueni huu mpya, una ladha. Unachotwa kwenye vifusi vya machimbo, ng'ambo ya Kafue. Wajawazito wanaugombania."

Nkandu alimtazama Lombe. Lombe alitazama chini. Ndiyo maana uso wake ulipauka alipolamba.

Nkandu alichagua bonge zuri, jeupe kwa ndani, akalivunja nusu na kuweka ulimi. Chumvi. Alisimama nayo mdomoni, mwanamke mzima mwenye viatu vya kufundishia, akila kama walivyokula wale arobaini na mmoja. Kisha alitoa leso yake, akafunga mabonge manne yaliyo bora kwa fundo la kike, lile lisilofunguka upesi, akamkabidhi.

"Mpelekee. Mwambie ni mzuri kwa mama mwenye mimba. Nimeshuhudia kwa macho yangu."

Lombe aliupokea kwa mikono miwili. Alilipa. Alikwenda akipunguka katikati ya miavuli na mabati, na shati jeupe likawa moja ya mashati meupe.

"Na wewe, mwanangu?" Mama Mulenga aliuliza, akimfutia kiti. "Huchukui hata kidogo?"

"Hapana, mama," alisema Nkandu. "Mimi nimeshakula."