Niliposema Otieno Yuko Hai

Nina umri wa miaka arobaini na tisa, mjane, na ni mimi niliyeanzisha huduma ya maombi hapa Rodi Kopany. Wasomaji wenzangu, nivumilieni...

Maono yangu ya kwanza yalikuwa ya kweli. Hilo sitalikana! Mume wangu alipofariki, nilimwona mtu mwenye kanzu nyeupe akiniambia niwakusanye wanawake wanaolia. Nikawakusanya jikoni kwangu. Jiko likawa dogo, tukajenga banda la mabati, kisha tukafungua tawi Migori. Kila Jumapili waumini walisubiri niwaambie nimeona nini.

Baadaye maono yakakoma. Ningesimamaje mbele ya umati ule niseme sijaona kitu? Nilipenda mno kuitwa Mama Nabii.

Ndipo akaja Mama Otieno kutoka Lambwe. Mwanawe alikuwa akichimba dhahabu Migori, shimo likaporomoka, mwili haukupatikana. Wazee wa ukoo walitaka kuzika yago, lile tunda refu ambalo sisi Wajaluo huzika badala ya mwili uliopotea. Alinipigia magoti mbele ya kanisa zima.

"Mama Nabii, nitazika tunda aje na sijui kama mtoto wangu amekufa?"

Nilifumba macho. Sikuona chochote! Giza tu... Nikasema, "Namwona Tanzania. Yuko hai."

Kanisa lilijaa vigelegele. Habari zikafika Homa Bay mjini, watu wakafurika kwetu. Mama Otieno naye akarudi nyumbani, akawafukuza wazee na yago lao.

Tangu hapo alimwekea Otieno chakula kila jioni. Alifua shati lake la bluu kila Jumamosi na kulianika karibu na lango, ili alione akiingia. Mke wa Otieno hakuweza kuishi kama mjane wala kama mke, kwa kuwa mumewe hakuwa amezikwa. Mama mwenyewe alivuka mpaka kumtafuta, akarudi miguu imevimba. Nikamwambia avumilie, wakati wa Mungu haujafika. Niliwezaje, jamani?

Mwaka jana aliugua sana, akaniita. Nilidhani atanilaumu. Laiti angenilaumu! Alinishikisha lile shati, bado likinukia sabuni.

"Akirudi, mpe wewe," alisema. "Si ni wewe ulimwona?"

Nilifungua kinywa nikiri... nikaishia kumwombea. Alikufa siku hiyohiyo.

Kwenye mazishi nilisimama, nikasema yote. Mke wa Otieno alinitemea mate, nami sikujifuta. Wazee wakaleta yago ili lizikwe kando ya mama. Niliomba nilivishe shati. Wakakataa, wakasema mikono yangu isiliguse tena. Yule mjane ndiye aliyelivisha, akafunga vifungo vyote hadi juu.

Waumini wengi wamehama, na kanzu yangu ya unabii nimeivua. Wewe unayeongoza watu kwa maono, nakusihi: siku Mungu akinyamaza, nyamaza na wewe! Mimi sikunyamaza, na mama wa watu akafa akiangalia lango.