Neno Lenye Faini

Wapo waliokutana harusini, wapo waliokutanishwa na mashangazi. Hawa wawili walikutanishwa na godoro. Fundi cherehani alikuwa katikati ya soko la jumla, saa nne asubuhi, pa kutia mguu hapana, anavutana bei na muuza vitambaa. Mara kitu kikubwa na laini kikamsukuma mgongoni, akapiga ukelele na kuangukia majora ya vitambaa kifudifudi. Alipogeuka hakuona mtu. Aliona godoro lenye miguu miwili.

"Samahani, dada," godoro likasema. "Sioni mbele."

"Huoni mbele na bado unatembea?"

"Nikisimama nazuia njia, nikitembea naangusha watu. Nichagulie wewe."

Hasira ilikuwa imeshamfika kooni, ikageuka kicheko. Godoro likashushwa, na nyuma yake akatokea kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, nywele zimechongwa mstari, na kovu dogo juu ya nyusi. Yeye fundi alikuwa na gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, maana huisahau hapo kila siku ya Mungu. Kijana akaitazama ile tepu zaidi kuliko alivyolitazama gauni, jambo lililomuudhi fundi kidogo, tusifichane.

"Kumbe ni fundi," akasema. "Mimi nina magodoro kumi na sina shuka hata moja."

Ndivyo fundi alivyofika kwenye ile nyumba. Ilikuwa ya nesi mstaafu ambaye kila mtu alimwita Mama Nesi. Alianza barazani kwake na kiti kimoja, beseni na mashine ya kunyolea, kwa sababu aligundua kwamba watu waliozama kwenye unga wa kulevya huogopa hospitali lakini hakuna anayekataa kunyolewa bure. Anayenyolewa hukaa, anayekaa huongea, na anayeongea, siku moja huomba msaada. Yule kijana wa godoro alikuwa mtu wa tatu kukalia kile kiti. Sasa alikuwa na miaka minne hajagusa unga, na mashine ya kunyolea alikuwa ameishika yeye. Baraza lilikuwa limezaa chumba, chumba kikazaa nyumba ya vitanda kumi na jiko lililopeleka chakula kwa wagonjwa kule bondeni, kwenye vibanda vya mabati chini ya reli.

Siku ile ya kwanza fundi alipima vitanda, akatoka kununua nyuzi, akaingia tena mlangoni na furaha zake. "Jamani, nimerudi."

Mikono yote ikasimama. Mpishi akaushikilia mwiko hewani. Mzee aliyekuwa akifagia alifumba macho kama mtu aliyesikia msiba. Kinyozi akamvuta pembeni na kumweleza, huku akijizuia kucheka, kwamba humo ndani neno hilo lina maana moja tu. Kurudi ni kurudi kwenye unga. Mtu akitoka sokoni husema amefika, akitoka msalani amefika. Anayekosea hupigwa faini ya kuosha sufuria zote za mchana, awe mgeni, awe mwenyeji. Fundi akaosha. Zilikuwa sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuogea ndani, na kinyozi alikaa juu ya ndoo akimwonyesha masizi aliyoyaacha.

Mashuka yakaisha. Fundi akagundua kwamba nyumba haina mapazia. Mapazia yakaisha, akagundua kwamba mpishi hana aproni. Mwisho Mama Nesi akamwambia aache kuzunguka mbuyu, aje mara mbili kwa wiki awafundishe watu kushona, na cherehani tatu zikapangwa kwenye chumba cha nyuma. Penzi ni kikohozi, halifichiki. Hata yule mzee wa ufagio alijua ni siku gani fundi anakuja, kwa sababu siku hizo kinyozi alijinyoa mara mbili. Siku nyingine walipigiana simu.

"Godoro, umekula?"

"Nimekula, fundi wangu, ila chakula bila wewe hakina chumvi."

"Chumvi muombe mpishi. Mimi nauza mashuka."

Lakini kulikuwa na jambo moja fundi asilolitania. Alimwambia jioni moja wakiwa kwenye benchi la nje, sauti ikiwa chini. Kaka yake mkubwa aliacha unga mara tatu na mara tatu akaurudia. Mara ya nne walimzika, na mama yao hajawa mtu yule yule tena.

"Nakupenda, Godoro. Lakini sitazika mwingine. Siku utakayorudi, usinitafute."

"Sitakutafuta," akasema kinyozi.

"Na kule bondeni ulikokuwa ukivutia, usikanyage tena."

Hapo kinyozi aliangalia viatu vyake. Fundi aliona, akaamua kwamba hajaona.

Basi ikaja wiki ambayo simu ya kinyozi haikupatikana. Jumatatu fundi alidhani ni chaji. Jumanne hakuvumilia, akampigia mama yake kinyozi, muuza mboga aliyekaa upande wa pili wa jiji, mama mchangamfu ambaye magoti yake hayakumruhusu kusafiri, hata nyumba ya Mama Nesi aliijua kwa kusimuliwa tu.

Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za magoti na za wateja, kisha fundi akauliza kama mama ana habari za mwanawe.

"Aa, mkwe wangu, huyo amerudi," mama akasema na kushusha pumzi. "Amerudi kule kule bondeni, kwa wale wenzake. Nimemwambia mpaka nimechoka. Hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini."

Fundi hakuuliza tena. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini yeye alikuwa ameshalijua neno lile, alikuwa ameliosha kwa mikono yake na masizi juu. Alimshukuru mama, akakata simu, akakaa mbele ya cherehani yake na mguu haukanyagi.

Kesho yake kinyozi akapiga. Nyuma yake palisikika nyundo na watu wakibishana.

"Nimesikia umerudi bondeni," fundi akasema.

Kinyozi akasogea mbali na zile nyundo. "Mama kakwambia. Najua nimekosa, mpenzi. Ningekwambia, lakini nilijua utanikataza."

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Uko na nani?"

"Na wale wa zamani. Nimeshindwa kuwaacha huku peke yao."

"Na utatoka lini?"

"Siwezi kutoka sasa. Sijui nikueleze vipi, lakini hapa ndipo ninapojisikia mtu. Ungekuja siku moja ukaona..."

"Nije nione?" Machozi yalikuwa yakimdondokea kwenye kitambaa cha mteja. "Nilikwambia usinitafute."

Akaizima simu. Siku mbili hakutoka, na zamu yake ya kufundisha ilipofika alituma ujumbe kwamba anaumwa, na kwa kweli alikuwa anaumwa. Alishona suruali ya mtu miguu miwili yote ya kushoto, akaifumua, akaishona vilevile tena.

Ijumaa Mama Nesi akaingia kibandani kwa fundi na mkoba begani, akaketi bila kukaribishwa. Alimpa pole ya ugonjwa, akamtazama macho yalivyovimba, kisha akaeleza shida yake. Alitaka mashuka kumi na manne kwa haraka. Vitanda vilikuwa vimefika, na Jumapili wanafungua.

"Mnafungua nini?"

"Nyumba ya pili, ya bondeni. Tumehangaika mwaka mzima tukitafuta mtu wa kuishika. Nani atakubali kukaa kule, kati ya wanaovuta na wanaouza? Na nani watakayemsikiliza? Mwishowe huyo kinyozi wako amesema ataishika yeye, maana wale ni wenzake." Mama Nesi akasita. "Kwani hajakwambia? Alisema atakwambia."

"Lakini si amerudi?"

Mama Nesi akashika kifua. "Nani kakwambia amerudi?"

"Mama yake."

Mama Nesi akamwangalia, akaanza kucheka taratibu, akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Mwanangu, mama yake hajawahi kukanyaga kwetu, hiyo lugha yetu angeijulia wapi? Mtu wa nje akisema amerudi, amerudi tu, kwa miguu yake. Jana nilikuwa naye kutwa. Alikuwa anapaka chokaa."

Fundi akaficha uso kwa mikono miwili. Akayarudia maneno ya simu moja moja, na kila moja likageuka upande wa pili kama nguo iliyovaliwa ndani nje. Alifurahi mpaka akamkumbatia Mama Nesi. Kisha, kabla furaha haijatulia, akakasirika. Mtu alikuwa amemficha jambo. Alimwogopa yeye kuliko alivyopaogopa bondeni.

Lakini mashuka alishona. Yalikuwa ya bluu, na pindo alilipiga mshono mara mbili.

Jumapili asubuhi alivaa lile gauni la kijani, akatwika furushi kichwani, akashuka ngazi za udongo chini ya reli. Nyumba aliiona kwa mbali, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa na chokaa. Ndani palikuwa na harufu ya rangi na sabuni. Watu kama kumi walikaa kwenye viti vya plastiki wakingoja zamu, wengine wakitetemeka, na kinyozi ameinama juu ya kichwa cha mtu, shati lake jeupe limerukiwa na madoa ya chokaa. Macho yake yalikuwa meupe na mkono wake umetulia. Hicho ndicho fundi alichokitazama kwanza.

Akatua furushi mlangoni. Akavuta pumzi.

"Nimerudi," akasema.

Mashine ikazimwa. Mpishi, yule yule wa nyumba ya kwanza, akaushikilia mwiko hewani. Wale wageni hawakuelewa kwa nini kumekuwa kimya. Kinyozi akageuka, na uso wake ukapita hofu, ukapita haya, ukaishia kwenye tabasamu ambalo halikuwa na uhakika kama limeruhusiwa.

"Humu neno hilo lina faini, fundi," akasema.

"Naijua. Na wewe utaosha na mimi, kwa sababu kosa lako ni kubwa kuliko langu."

Wakaosha sufuria uani, mchana kweupe. Fundi alimwambia yote, akamweleza alivyoisikia ile simu, na kinyozi akacheka, kisha akaacha kucheka alipofikiria siku zile mbili zilivyokuwa. Akasema alificha na kuizima simu kwa woga, hana sababu nyingine. Fundi akasema yeye alikata simu kwa woga huo huo, na kwamba safari nyingine atauliza, hata kama swali ni la kijinga. Kuhusu bondeni, hakusema ameacha kupaogopa. Alisema atakuja kufundisha huku Jumanne.

Kinyozi akasugua sufuria moja muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kwenu," akasema, "mtu akitoka kazini jioni, akifungua mlango, husemaje?"

"Husema nimerudi. Ungetaka aseme nini?"

"Mimi miaka minne sijalisema hilo neno." Akaiweka sufuria chini. "Nataka mlango mmoja hapa duniani ambao naweza kuufungua kila jioni nikalisema, na mtu aliye ndani asishtuke. Nataka uwe wako. Uwe wetu."

Mikono ya fundi ilikuwa imejaa povu mpaka kwenye viwiko. Alimfikiria kaka yake. Alimfikiria mama yake, na jinsi atakavyomwambia. Kisha akaliangalia lile shati jeupe lililoharibika kwa chokaa, na akajua kwamba ndilo atakalolifua.

"Nitakubali," akasema, "ila usidhani kwangu utakwepa sufuria."

Kinyozi akachota maji na kuanza kusuuza.