Blanketi la Mashati ya Baba

Cherehani ilikuwa kimya tangu asubuhi. Mama, fundi wa nguo, alikuwa ameinamia mashati ya marehemu mumewe. Alikuwa amemwahidi kitinda mimba wake blanketi la viraka vya mashati hayo.

Alikata viraka vya mviringo, kama mtoto alivyotaka. Alipovipanga mezani, mapengo yakabaki kila mahali.

"Mama, hapa baridi itaingia."

"Naona, mwanangu. Na mashati yamebaki mawili tu. Mengine nitayatoa wapi?"

Mashati ya dukani yapo tele. Ya baba ndiyo hayapo tena. Mama alijikaza asilie.

Jirani yao, mfugaji nyuki, aliingia na kipande cha sega kwenye sahani.

"Hodi! Mbona mmenuna hivyo? Nimewaletea utamu."

Mama akamweleza yaliyotokea. Jirani akaweka sega mezani.

"Tazama vyumba hivi, shoga. Kila kimoja kina pande sita. Hakuna pengo hata la kupitisha sindano."

"Kwa nini zisiwe nne?" mtoto aliuliza.

"Umeuliza vizuri. Maumbo yenye pande na pembe sawa, yanayobanana yenyewe bila pengo, ni matatu tu: pembetatu, mraba na hili. Chumba kikiwa na ukubwa uleule, hili lina ukuta mfupi kuliko yote. Nyuki huokoa nta. Mama yako ataokoa kitambaa kwenye mishono."

"Lakini nimeshaharibu," mama alisema.

"Hujaharibu kitu. Lete uzi."

Jirani alipima uzi kutoka katikati ya mviringo hadi ukingoni. Kwa urefu huohuo, akaweka alama kuzunguka ukingo. Zikatoka alama sita kamili. Akaziunganisha kwa chaki.

"Kata hapo. Ungekata mraba, ungetupa kitambaa kingi zaidi. Blanketi litapungua kidogo, lakini litaziba."

Mama alikata, akashona. Mashati mawili ya mwisho yakajaza sehemu iliyobaki. Cherehani ikaimba tena.

Blanketi lilipokamilika, mtoto alijifunika na kulipapasa. Kiraka kimoja kilikuwa na mfuko wa shati. Humo baba alikuwa akimwekea peremende kila akitoka kazini. Mtoto akaingiza mkono.

"Mna nini?" mama aliuliza taratibu.

"Hamna kitu."

Lakini mkono hakuutoa. Alilala nao humo mpaka asubuhi.