Jagi la Mke wa Kinyozi

Kilichotangulia ni harufu. Si ya rangi, maana nyumba ya Mama Brashi ilinuka rangi mwaka mzima na hakuna aliyejali. Hii ilikuwa harufu ya maji ya maua yaliyosahauliwa jagini mpaka yakaoza. Bintiye alikuwa mjamzito, pua haisamehe kitu, na ndiye aliyeinusa kwanza.

"Mama, umeacha maua wapi?"

"Maua gani tena? Humu ndani maua yote ni ya kuchora, mwanangu."

Na kweli. Kazi ya Mama Brashi ilikuwa kuchora marehemu. Watu walimletea kipicha cha kitambulisho, naye akawatolea sura kubwa ya kutundika ukutani. Pembeni, kama alivyofundishwa na mama yake, aliweka jagi la maua: ua lililochanua kwa kila mtoto aliye hai, lililoinama kwa kila aliyetangulia. Aliyekufa bila mtoto alichorewa jagi tupu. Wateja wengine walilitazama jagi kabla ya sura.

Sasa, mke wa kinyozi alikufa bila mtoto. Enzi za uhai wake alikuwa akipita hapo kibarazani na kumpakata mtoto wa yeyote, na kumrudisha ilikuwa kazi. Kinyozi akaagiza picha, kisha akaoa, na bibi mpya hakutaka kukodolewa macho na mtu wa ukutani. Picha ikabaki nyuma ya kabati la Mama Brashi. Binti alipoomba kitu cha kupamba ukuta wa mtoto, Mama Brashi hakuona haja ya kununua kitambaa kipya cha kuchorea.

"Kufa kufaana," akasema, akacheka peke yake, akaifunika sura ya marehemu kwa rangi ya krimu. Jagi akaliacha. Lilikuwa la buluu, limemtoka vizuri mno, na mvivu hakosi sababu. Ndani yake akachora tumba jekundu, ua ambalo halijafunguka, kwa ajili ya mjukuu anayekuja.

Na tumba hilo likaanza kufunguka.

Mwanzoni alisema ni macho yake, uzee huo. Lakini kila kukicha wekundu ulikuwa umeongezeka, na alasiri moja, binti amelala chumba cha pili na nyumba imetulia, akasikia mtu akibembeleza mtoto, sauti ya chini, ya puani, isiyo na maneno, ikitokea pale picha ilipotundikwa, na alipoingia harufu ile ilikuwa imejaa chumbani, na juu ya krimu, mahali alipojua kabisa kwamba amepaka mara mbili, yalikuwa yamejitokeza macho, nayo hayakumtazama yeye, yalitazama chini, jagini, kwa mapenzi ambayo Mama Brashi aliyajua kwa sababu na yeye ni mama.

Akachovya kitambaa kwenye tapentaini, akafuta petali moja. Chumba cha pili binti akapiga ukelele, ameshika tumbo. Mama Brashi akaacha kufuta. Maumivu nayo yakaacha.

Mganga wa majini aliyemwita alikuwa mama mnene mwenye kikohozi. Alifika asubuhi, akanusa mlangoni, akaitazama picha, akaketi. Mkoba hakuufungua.

"Lifukuze, dada," Mama Brashi akanong'ona.

"Mimi natoa jini lililoingia bila kukaribishwa. Jagi hili la nani?"

"La marehemu."

"Na ua kalitia nani?"

"Mimi."

"Basi umempa marehemu mtoto. Ukilifuta ua, umemfuta mjukuu wako." Akakohoa, akateremsha sauti. "Hapa mimi sina dawa."

Mama Brashi alilia jikoni, bomba limefunguliwa ili binti asisikie. Majuto ni mjukuu, na wa kwake alikuwa njiani.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike, mzima kabisa. Ua lilikuwa limechanua lote. Kabla hawajarudi kutoka hospitali, Mama Brashi aliigeuza picha ikatazama ukuta.

Mtoto akakataa ziwa. Alilia kutwa, akalia tena kulipokucha, shingo amepinda kuelekea ule ubao wa nyuma ya picha, mpaka midomo ikaanza kuwa myeusi.

"Mama, hanitaki," binti alisema. Hakuwa hata na nguvu za kulia. "Mwanangu hanitaki."

Mama Brashi akampakata mjukuu. Utosi wake ulinuka maji ya jagi. Akasimama naye mbele ya picha, akamwomba Mungu, akangoja. Kilio kikazidi kufifia. Basi akanyoosha mkono, ule ule uliochora, akaigeuza.

Sura ilikuwa imetoka yote, inatabasamu. Mtoto akanyamaza. Akafumba macho, akafungua kinywa hewani, mashavu yakaanza kwenda kama ya anayenyonya.

"Amenyamaza," binti akasema kutoka kitandani, sauti ya mtu aliyepona. "Umempa nini, mama?"

Mama Brashi aliinama, akalitazama koo dogo. Mtoto alikuwa anameza.